Uzoefu Uache Mlangoni: Kwa Watu Wazima Wanaojiandaa na LSAT

Hotuba kwa wanajumuiya wazungumzao Kiswahili, St. Paul, Minnesota, iliyoandikwa upya kwa ajili ya wasomaji

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, shikamooni. Akina mama na akina baba mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, poleni na kazi. Na ninyi mnaoingia zamu ya usiku saa tano, nitajitahidi muondoke mkiwa mmekula.

Nimeombwa nizungumzie LSAT, mtihani wa kuingilia shule ya sheria hapa Marekani, nikiwalenga watu ambao mara ya mwisho kukaa darasani watoto wao walikuwa hawajazaliwa. Napigiwa simu nyingi na watu wa namna hiyo, na swali la kwanza huwa ni lile lile: "Dada, si nimeshachelewa?" Ngoja nilijibu hilo kwanza ili tusonge mbele.

Kule nyumbani mambo ya sheria huamuliwa mapema. Kijana anamaliza kidato cha sita Tanzania, au kidato cha nne Kenya, anachaguliwa kusoma LLB, yaani shahada ya kwanza ya sheria, halafu anakwenda Law School of Tanzania au Kenya School of Law kwa mafunzo ya uwakili. Aliyekosa nafasi akiwa na miaka kumi na tisa anahesabu kwamba imeisha. Hapa utaratibu ni mwingine. Shahada ya sheria, JD, husomwa baada ya shahada ya kwanza, na hiyo ya kwanza inaweza kuwa ya uuguzi, uhasibu, ualimu, hata muziki. Kwa hiyo hakuna mtoto anayeingia shule ya sheria. Wote ni watu wazima, tofauti ni kiasi tu.

Tena hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa mtu wa kazi. Katika mji huu huu tuliokaa, Warren Burger alikuwa akiuza bima mchana na kusoma sheria usiku katika St. Paul College of Law, akahitimu mwaka 1931. Mwaka 1969 akawa Jaji Mkuu wa Marekani na akakaa kwenye kiti hicho hadi 1986. Alikuwa kijana, nakubali, lakini alikuwa akila kwa jasho lake. Chuo hicho kimeungana na vingine na kubadili majina mpaka kikawa Mitchell Hamline ya leo, na bado kina wanafunzi wanaosoma huku wakifanya kazi. Chama cha Mawakili cha Marekani, ABA, kinaruhusu mtu atumie hadi miezi 84 kumaliza JD. Hiyo ni miaka saba. Mzee wangu uliyeniuliza pale mlangoni, hesabu hiyo imewekwa kwa ajili ya watu kama wewe.

Basi tuingie kwenye mtihani.

LSAT inasimamiwa na baraza linaloitwa LSAC, na ilianza kutolewa mwaka 1948. Alama zake huanzia 120 na kuishia 180. Tangu Agosti 2024 ile sehemu ya mafumbo ya mpangilio, ya nani akae kando ya nani, iliyowatesa watu miaka mingi, imeondolewa. Kwa hiyo rafiki yako aliyefanya zamani akikupa vitabu vyake, shukuru, kisha hizo kurasa zipite. Sasa kuna sehemu nne, kila moja dakika 35, na mapumziko ya dakika kumi katikati. Mbili ni za hoja za kimantiki, moja ni ya ufahamu, na ya nne ni ya majaribio: inaweza kuwa ya aina yoyote kati ya hizo mbili, haihesabiwi, lakini hutajua ni ipi, kwa hiyo unazifanya zote kwa moyo mmoja. Kuna pia insha ya hoja, inayoandikwa kando siku nyingine. Haina alama, ila vyuo huipokea na vinaweza kuisoma.

Hakuna silabasi. Naomba hili lieleweke vizuri, maana sisi tumelelewa kwenye tuisheni na pasti pepa. Tulifundishwa kwamba mtihani ni kukumbuka: tarehe za Vita vya Majimaji, sehemu za ua, kanuni za hesabu. LSAT haikuulizi sheria hata moja. Haikuulizi historia wala katiba. Inakupa aya fupi, mtu anajenga hoja, halafu unaulizwa: hoja hii imesimama juu ya nini ambacho hakijasemwa? Ni lipi lingeidhoofisha? Kosa lake liko wapi? Huwezi kukariri chochote. Unajizoeza, kama unavyojizoeza kuendesha lori kurudi nyuma kwenye gati la mizigo, mpaka mikono ijue yenyewe.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kwa muda, kwa sababu ndipo watu wazima wanapoangukia. Vijana waliotoka chuo juzi wana matatizo yao: hawana subira, wanasoma juu juu. Tatizo letu sisi ni kwamba tunajua mambo mengi. Tumelea watoto, tumesuluhisha ndoa za watu, tumefanya kazi na mabosi wa kila aina. Tukisoma hoja, hatuisomi. Tunaijibu. Tunaingiza ndani yake yale tunayoyajua.

Nitoe mfano, niutunge kwa Kiswahili ili kila mtu auone. "Tangu kamera ziwekwe kwenye maegesho ya kanisa, hakuna gari hata moja lililovunjwa kioo. Kwa hiyo kamera ndizo zilizowafukuza wezi." Swali: lipi kati ya haya linadhoofisha hoja hii zaidi? Moja ya majibu linasema kwamba wiki ile ile kamera zilipowekwa, polisi walikamata kundi la vijana waliokuwa wakivunja magari mtaa mzima. Hilo ndilo jibu. Huenda wizi umeisha kwa sababu wezi wako ndani. Lakini mtu mzima anasoma na kusema: "Aa, kamera zinasaidia kweli, kazini kwetu ziliwekwa na wizi ukakoma." Inawezekana kabisa. Ila kazini kwenu hakumo kwenye aya. Unaulizwa kama hoja hii, kwa maneno haya, imethibitisha inachodai.

Au huu, wenzangu wa malori mtaupenda. "Mwaka huu madereva wa jumuiya yetu wamepata ajali nyingi kuliko mwaka jana. Ni dhahiri wanaendesha ovyo kuliko zamani." Kabla hujakubali au kukasirika, jiulize: madereva wenyewe wameongezeka kiasi gani? Kama walikuwa thelathini na sasa ni mia, ajali zinaweza kuongezeka kwa idadi huku kila dereva akiwa mwangalifu kuliko mwanzo. LSAT inapenda sana mtego huu wa kuchanganya idadi na kiwango.

Na upo huu, ambao sisi tunautumia barazani kila siku bila aibu: "Usimsikilize Fulani kuhusu ndoa, yeye mwenyewe ameachika mara mbili." Naona mnacheka, na kuna mtu anamtazama jirani yake. Barazani hoja hiyo inamaliza mjadala. Kwenye LSAT ndiyo kosa lenyewe unalotakiwa kulitaja: umemshambulia msemaji, hukugusa alichosema. Vivyo hivyo "asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Mkuu kusema hakufanyi jambo liwe kweli. Sisi ni watu wa methali, na methali ni tamu, lakini angalieni: anayetaka kuharakisha ana "ngoja ngoja huumiza matumbo," na anayetaka kungoja ana "haraka haraka haina baraka." Zote mbili tunazikubali kwa kichwa kimoja. Mtihani huu haukubali.

Halafu kuna suala la masharti, ambalo ni nusu ya mchezo wenyewe. "Mkutano huu huahirishwa pale tu mwenyekiti anapougua." Haya, mwenyekiti ameugua. Samahani Mwenyekiti, ni mfano. Je, mkutano umeahirishwa? Nasikia "ndiyo" nyingi. Hapana. Sentensi imesema kwamba ukiona mkutano umeahirishwa, jua mwenyekiti anaumwa. Haikusema kwamba akiumwa lazima uahirishwe. Huenda makamu yupo. Katika maisha ya kawaida tunaelewana tu, kwa sababu tunajua msemaji alikusudia nini. Kwenye LSAT hakuna aliyekusudia kitu. Kuna maandishi, basi. Na hapo nimetumia sentensi fupi ya Kiswahili. Kwenye mtihani itakuja kwa Kiingereza, imezungushwa kwa mistari minne, ina kanusho mbili ndani yake, nawe una kama dakika moja na nusu.

Ndiyo maana nasema uzoefu uache mlangoni. Utauchukua ukitoka. Utakufaa kwenye insha ya kujieleza, utakufaa darasani, na mbele ya wateja ndio utakaokuweka juu ya wengine. Ila ndani ya zile dakika 35 ni mzigo.

Sehemu ya ufahamu ina vifungu vinne, kimoja kikiwa ni jozi ya vifungu vifupi vya kulinganisha. Vinatoka kwenye sheria, sayansi, jamii na sanaa. Hapa pia kanuni ni ile ile. Muuguzi akiona kifungu cha homoni anafurahi, halafu anakosa maswali yake kwa sababu amejibu kutoka kichwani badala ya kujibu kutoka kwenye kifungu. Nimeliona hilo mara nyingi kuliko wauguzi kukosa kifungu cha ushairi.

Kuhusu lugha, niseme wazi kwa sababu nimeulizwa. Kutozaliwa na Kiingereza hakukupi muda wa ziada. Ni lazima usome Kiingereza kigumu kila siku, kidogo kidogo: makala ndefu za magazeti mazito, hukumu za mahakama, majarida ya sayansi yaliyoandikwa kwa watu wa kawaida. Soma aya, funga, useme kwa Kiswahili mwandishi anadai nini na kwa nini. Ukishindwa kulisema kwa Kiswahili, hukulielewa. Ulilitambua tu.

Lakini muda wa ziada na nafuu nyingine zipo kwa wenye maradhi au ulemavu, na hapa naomba nizungumze na watu wa rika langu bila kuzunguka. Kuna mtu hapa ana kisukari na anahitaji kula katikati ya mtihani. Kuna mwenye macho yanayochoka kwenye skrini, kuna mwenye mgongo usiokubali kukaa, kuna mwenye wasiwasi unaomshika mpaka jasho. Sisi ni watu wa kuficha. Tunaona kuomba ni kujidhalilisha, au tunaogopa chuo kitajua. Zamani matokeo ya waliopewa muda wa ziada yaliwekewa alama ya kuyatofautisha. Baada ya kesi iliyofunguliwa California na kumalizwa kwa makubaliano mwaka 2014, LSAC iliacha kufanya hivyo na kulipa zaidi ya dola milioni saba. Chuo hakitaona. Mwone daktari wako mapema, pata karatasi, peleka ombi kabla tarehe ya mwisho haijapita.

Sasa namna ya kujiandaa ukiwa na kazi, mke au mume, watoto, na makundi manane ya WhatsApp.

Anza na mtihani kamili wa mazoezi, ukiwa hujasoma chochote. LSAC wana mtandao wao unaoitwa LawHub. Ukifungua akaunti ya bure unapata mitihani michache halisi iliyowahi kutolewa. Ukitaka mingine yote, na ni zaidi ya hamsini, unalipa ada ya mwaka. Alama ya kwanza itakuuma. Usimwonyeshe mtu. Kazi yake ni kukuonyesha unapoanzia tu.

Baada ya hapo weka saa pembeni. Watu wengi hukimbilia kasi, wanajipima kila Jumamosi, wanaona alama haisogei, wanakata tamaa. Wiki nyingi za mwanzo fanya maswali bila muda kabisa. Swali moja likikutaka dakika kumi, lipe kumi. Jifunze kulitambua hitimisho la hoja, ushahidi wake, na pengo lililo katikati. Kasi huja yenyewe pale unapoanza kuyaona mapengo kabla ya kusoma majibu.

Ukianza kutumia saa, fanya sehemu moja ya dakika 35, na kila swali ambalo huna uhakika nalo litie alama. Saa ikiisha, usifungue majibu. Rudi kwenye yale uliyoyatia alama, yafanye upya bila haraka, andika jibu la pili pembeni. Ndipo usahihishe. Sasa una alama mbili: ya ndani ya muda na ya nje ya muda. Kama ya nje iko juu sana kuliko ya ndani, tatizo lako ni mwendo. Kama zote mbili ziko chini, hakuna ujanja wa kasi utakaokusaidia, rudi kwenye msingi. Mapitio haya huchukua muda mrefu kuliko mtihani wenyewe, na ndiyo masomo yenyewe. Mwenye kufanya mtihani mmoja kwa wiki na kuupitia kwa makini atampita anayefanya mitatu na kutazama alama tu.

Uwe na daftari la makosa. La karatasi, la kompyuta, vyovyote. Kwa kila swali ulilokosa andika sentensi mbili: kwa nini lile jibu baya lilinivutia, na kwa nini hili zuri ndilo. Andika kwa Kiswahili kama ndicho kinachokutoka kwa urahisi. Baada ya mwezi utaanza kujiona. Kuna mama mmoja hapa mjini, yeye huvutwa na jibu lolote linalosema jambo la busara, hata kama halihusiani na swali. Mwingine hupenda majibu yenye "wote" na "kamwe," anayaona yana nguvu. Kila mtu ana ugonjwa wake, na daftari hukuonyesha wa kwako.

Muda unapatikana wapi? Kwa maoni yangu, saa moja ya alfajiri kabla ya shifti inazidi saa tatu baada yake. Akili iliyotoka kuwageuza wagonjwa vitandani usiku kucha haiwezi kuona kanusho mbili kwenye sentensi moja. Anayelala mchana, saa yake ni ile ya kuamka. Anayebeba boksi dabo shifti, apunguze. Sijui namna ya kulisema hilo kwa upole: miezi mitatu ya mwisho ovataimu lazima ipungue, au tarehe ya mtihani isogezwe mbele. Kwa mtu wa saa arobaini kwa wiki mwenye watoto, mimi humwambia ajipe kati ya miezi minane na mwaka. Wale mabingwa wa mitandaoni wanaosema miezi mitatu inatosha wanaongea na vijana wanaolishwa na wazazi wao.

Na vikao. Ndugu zangu, mtu anayefanya LSAT mwezi wa sita hawezi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi mwezi wa tano. Toa mchango wako, omba radhi, kaa kimya kwenye kundi. Msiba ni msiba, utakwenda. Sherehe ya kumaliza chekechea ya mtoto wa rafiki wa shemeji yako itaendelea bila wewe.

Siku ya mtihani ni jambo dogo kuliko watu wanavyolifanya. Jibu kosa halikupunguzii alama, kwa hiyo usiache swali tupu. Ikibaki dakika moja jaza yote. Swali lililokushika koo liache, urudi. Usijaribu kahawa mpya asubuhi hiyo. Na ikienda vibaya, unaruhusiwa kurudia: mara tano ndani ya kipindi ambacho alama zako bado zinatumwa vyuoni, na mara saba maishani. Vyuo vingi hutazama alama ya juu zaidi, kwa kuwa ndiyo wanayoiripoti kwa ABA. Lakini mara saba si nyingi, wala ada yake ya zaidi ya dola mia mbili si ndogo. Usiingie "kujaribu bahati." Mitihani ya mazoezi ikikupa alama unayoitaka mara kadhaa mfululizo, nenda. Isipokupa, haitakuja siku hiyo kwa miujiza.

Kwa nini nasisitiza alama hii kuliko vitu vingine? Kwa sababu ni tarakimu pekee kwenye faili lako ambayo bado iko mikononi mwako. Kama ulisoma hapa, wastani wa alama zako za shahada ulishaandikwa. LSAC hukusanya kozi zote za kabla ya shahada yako ya kwanza, pamoja na zile za chuo cha jamii ulizochukua mwaka ule wa kwanza ukiwa na kazi mbili na hujui baridi ni nini. Hata kozi uliyofeli ukairudia, chuo chako kikakufutia, LSAC huhesabu alama zote mbili maadamu zinaonekana kwenye transkripti. Unaweza kuandika barua fupi ya maelezo, isiyo na kilio, na ni vizuri uandike. Tarakimu haibadiliki.

Na kama shahada yako ni ya kule nyumbani, jambo hili linakuhusu zaidi. LSAC haikupi wastani wa Kimarekani. Transkripti yako inatathminiwa, na matokeo huja kwa maneno: bora sana, juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Basi. Msomaji wa maombi pale chuoni hajui daraja la pili la juu kutoka Dar es Salaam au Makerere lilitokwa na jasho kiasi gani. Alama ya LSAT ndiyo tarakimu pekee anayoweza kuiweka kando ya wengine. Kwenu ninyi mtihani huu umebeba mzigo mkubwa kuliko kwa jirani yako aliyesoma hapa.

Nawaomba waliosoma LLB nyumbani wasikilize hili kabla hawajalipa chochote. Huenda hamhitaji LSAT kabisa. New York ina kanuni inayomruhusu mwenye shahada ya sheria kutoka nchi zinazofuata mfumo wa sheria za Kiingereza, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo, kuomba kufanya mtihani wa uwakili, na anayeonekana kupungukiwa huongeza LLM, shahada ya pili ya sheria, ya hapa. LLM kwa kawaida haidai LSAT. Kila jimbo lina masharti yake, kwa hiyo amua kwanza unataka kufanya kazi wapi. Namjua mtu aliyekaribia kusoma JD nzima, deni zima, wakati karatasi aliyohitaji alikuwa nayo kabatini tangu anakuja.

Tumefika kwenye fedha. Kuna msamaha wa ada kutoka LSAC kwa wenye kipato kidogo, unaolipia mtihani, huduma ya kukusanya nyaraka zako, na LawHub kamili. Uombe kabla ya kujisajili, kwa sababu ulichokwisha kulipa hakirudi. Vyuo vingi navyo humsamehe ada ya maombi aliyeupata.

La pili ni mikopo. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imefunga mkopo wa serikali wa Grad PLUS, ule wa wanafunzi wa shahada za juu, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Kwa masomo kama ya sheria kikomo cha mkopo wa serikali sasa ni dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Mtu wa miaka arobaini na tano mwenye rehani ya nyumba na wazazi anaowatumia fedha kila mwezi asiseme "nitakopa tu, nitajua mbele." Ufadhili wa vyuo hutegemea sana LSAT. Alama chache juu zinaweza kumaanisha maelfu ya dola kila mwaka, na hakuna ovataimu inayolipa hivyo.

Ila usomeni huo ufadhili. Upo unaotolewa kwa sharti la kutunza wastani fulani, na madarasa ya sheria hupangwa alama kwa kulinganishwa, kwamba lazima wengine wawe chini hata kama wote wamesoma. Kila chuo chenye ithibati ya ABA hutangaza kila mwaka ripoti iitwayo 509. Ndani yake mna alama za LSAT za waliojiunga, mna ada, na mna idadi ya wanafunzi waliopunguziwa au kunyang'anywa ufadhili wa masharti. Chuo kilichonyang'anya wengi, kikwepe, hata kama brosha yake ina picha nzuri ya Mwafrika anayecheka.

Barua za mapendekezo zisikuumize kichwa. Mwalimu wako amestaafu, au hakukumbuki. Vyuo vingi hupokea barua ya msimamizi wa kazi kwa aliyekaa nje ya shule miaka mingi. Muhimu awe anaweza kueleza unavyoandika na unavyofikiri. Ya kwamba hujawahi kuchelewa shifti ni sifa njema, lakini peke yake haitoshi. Na kwenye fomu za maombi, mkiulizwa kama mliwahi kukamatwa au kushtakiwa, semeni kweli. Baraza la uwakili litauliza tena miaka minne baadaye na kulinganisha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. La mwisho ni la kesho asubuhi, hasa kwa waliosoma nyumbani: ombeni transkripti. Si mwezi ujao. Ofisi za wasajili mnazijua, mwenye faili yuko likizo, mwenye muhuri yuko semina. Mtumieni binamu aliyeko Dar, Nairobi au Kampala akae pale mapokezi mpaka ipatikane. Lakini mwambieni asiipokee mkononi na kuituma yeye. Lazima itoke chuoni moja kwa moja kwenda LSAC, bahasha ikiwa imefungwa na chuo, la sivyo itarudishwa na mtaanza upya.

Karibuni kwa maswali. Wa zamu ya saa tano watangulie.